Wasia wa Hjärne na Shubiri ya Bahari Yetu

Ombi moja limenifikia mara tatu tangu mwezi wa Ramadhani: kutoka Maskati, kutoka Mombasa, na kutoka kwa binti ya ami yangu aliyeko Dubai. Wote wataka niwapelekee chupa ya ile dawa ya tumbo ijulikanayo kama dawa chungu ya Uswidi, kwa kuwa mimi ndiye ninayekaa Stockholm na, kwa dhana yao, nipo penye kisima chake. Kila ombi limefuatana na hadithi ile ile: kwamba dawa hiyo iliundwa na tabibu wa Kiswidi aliyeishi miaka 104, wala asingekufa hata hapo lau hakuanguka kutoka juu ya farasi. Badala ya kumjibu kila mmoja peke yake nimeona niandike hapa. Ndani ya chupa ile yamo mambo yanayotuhusu sisi, watu wa pwani na Bara Arabu, pengine kuliko yanavyowahusu Waswidi. Na nje ya chupa, kwenye karatasi iliyobandikwa, yamo mambo ambayo karani aliyefundishwa kazi yake hawezi kuyapitisha bila kuyauliza.

Nianze na mtu mwenyewe. Urban Hjärne alizaliwa tarehe 20 Desemba 1641 katika nchi ya Ingria, upande wa mashariki wa Bahari ya Baltiki, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya taji la Uswidi na leo ni sehemu ya Urusi. Vita vya Warusi vilipofika kwao alikimbia, akaingia Uswidi akiwa kijana. Huyu basi, baba wa dawa ya Waswidi, alikuwa naye mhamiaji. Watoto wetu waliozaliwa hapa watalipenda jambo hilo. Alisoma Uppsala, akapata shahada ya udaktari huko Angers, Ufaransa, mwaka 1670, akarudi kuwa tabibu wa mfalme. Mwaka 1678 alifungua chemchemi ya Medevi, mahali pa kwanza nchini ambapo watu walikwenda kunywa maji ya madini kwa ajili ya matumbo yao na maradhi mengine. Mwaka 1683 mfalme Karl XI alipoanzisha maabara ya kemia, Hjärne ndiye aliyekabidhiwa. Akaja kuwa mkuu wa Collegium Medicum, baraza la Stockholm lililoundwa mwaka 1663 kusimamia matabibu na wauza dawa. Hakuwa mganga wa njiani mwenye mkoba na kengele.

Liko jambo jingine katika maisha yake ambalo halihusu tumbo, lakini siwezi kuliruka. Mwaka 1676 mji wa Stockholm ulishikwa na homa ya kusaka wachawi. Watoto walisimama mbele ya waamuzi wakaapa kwamba wanawake fulani waliwachukua usiku na kuwapeleka kwa shetani, na wanawake wakauawa kwa ushahidi huo. Mmoja wao, Malin Matsdotter, alichomwa moto akiwa hai. Hjärne alikuwa katika tume iliyosikiliza kesi hizo, na alikuwa miongoni mwa wale waliowabana watoto kwa maswali mpaka uongo ukaanguka na mauaji yakakoma. Msomaji aliweke hilo akilini. Mtu aliyejua kupima ushahidi wa watu ndiye ambaye jina lake, baada ya kufa, lilibandikwa kwenye ushahidi usiopimwa na mtu.

Dawa yenyewe huitwa kwa Kiswidi Hjärnes testamente, yaani wasia wa Hjärne. Ni maji machungu ya rangi ya kahawia, yaliyotokana na kuloweka dawa kavu ndani ya pombe kali. Wenye maduka ya dawa waliiandika kwa Kilatini Tinctura aloes composita, na jina hilo laeleza kila kitu kwa ajuaye: mchanganyiko wa shubiri. Pamoja na shubiri mna mzizi wa jentiana wa milima ya Ulaya, ambao ni mchungu sana, mzizi wa rawandi uliokuja Ulaya kutoka Uchina, zedoari, ndugu wa manjano na tangawizi, na zafarani. Iliuzwa kama dawa ya tumbo lililofunga, tumbo lililojaa upepo na kukosa hamu ya chakula, na Waswidi waliendelea kuinunua katika maduka yao ya dawa hadi karne ya 20. Gamla Stan, ambalo maana yake ni Mji Mkongwe kama ule wetu wa Unguja, lina duka la dawa liitwalo Korpen, yaani Kunguru, lililoanzishwa mwaka 1674, Hjärne akiwa angali kijana katika kazi. Hupita mbele yake mara kwa mara nikienda kwenye feri.

Kuna mchanganyiko wa pili, ulio mkubwa zaidi, na huu ndio ndugu zangu wanaouomba bila kujua tofauti. Ulipata umaarufu mwaka 1980, wakati Maria Treben, mwanamke wa Austria, alipotoa kitabu chake cha mitishamba kilichouzwa nakala kwa mamilioni. Hesabu yake ni vitu 11, na nimevipanga kama nilivyokuwa nikipanga ankara. Shubiri gramu 10, manemane gramu 5, zafarani gramu 0.2, majani ya sanamaki gramu 10, kafuri gramu 10, rawandi gramu 10, zedoari gramu 10, mana gramu 10, mizizi miwili ya Ulaya, na teriaka ya Venisi gramu 10. Vyote hulowekwa ndani ya lita moja na nusu ya pombe ya nafaka, na kuachwa siku 14 mahali pa joto.

Isome tena orodha hiyo kwa sauti, mbele ya mzee yeyote aliyekulia Mombasa, Lamu, Unguja au Mukalla. Manemane, sanamaki, zafarani, kafuri, shubiri: hayo ni makopo ya mwuza dawa wa sokoni kwetu, si ya Stockholm. Hata ile teriaka, dawa ya kale ya sumu, Waarabu waliipokea kwa Wayunani wakaiita tiryaq, na matabibu wao wakaiandikia vitabu kabla Venisi haijaanza kuipika hadharani.

Kati ya hivyo vyote shubiri ndiyo mtawala. Bibi zetu waliipaka kwenye chuchu kumwachisha mtoto ziwa, na lugha yetu imeifanya kuwa kipimo cha uchungu wote. Jina limetoka kwenye Kiarabu sabir, kwa swadi, bee na ree, herufi zile zile za neno subira. Waalimu wetu wa chuoni hawakuacha kutukumbusha hilo kila tulipokunja nyuso. Iliyosifika kupita zote ilikuwa ya kisiwa cha Sokotra. Ibn Sina ameitanguliza mbele ya nyingine katika Qanun yake. Al-Masudi ametaja habari ya kwamba Aristotle alimshauri Iskandar kuwapeleka Wayunani wakae Sokotra kwa ajili ya shubiri hiyo. Ukweli wa hadithi ni juu yake aliyesimulia. Lakini al-Masudi ni yule yule aliyesafiri mpaka Qanbalu, ambayo wataalamu wengi huiona kuwa Pemba, na safari yake ya mwisho kutoka huko kwenda Oman ilikuwa mwaka 304 wa Hijria, yaani 916 au 917 ya Miladi. Pwani yetu na shubiri ya Sokotra zimo katika kitabu kimoja miaka mia saba kabla ya Hjärne kuzaliwa.

Namna ya kuipata haikuhitaji mtambo. Wasokotra walichimba kishimo kidogo, wakatandika ngozi ya mbuzi, wakayapanga majani yaliyokatwa kwa duara, ncha nje na mkato ndani, utomvu ukachuruzika wenyewe kwa muda wa saa chache. Kisha ulikaushwa juani wiki kadhaa mpaka ukawa mzito, halafu mgumu kama lami. Kisiwa kilikuwa chini ya masultani wa Mahra, nao waliendelea kukitawala mpaka mwaka 1967. Katika karne ya 19 sehemu kubwa ya shubiri hiyo haikwenda Ulaya moja kwa moja. Ilipita Bombay na Unguja. Ndiyo maana wauza dawa wa London walikuwa na aina waliyoiita shubiri ya Zanzibar, iliyofika ikiwa imefungwa ndani ya ngozi za wanyama. Haikuota Unguja. Ilipita tu forodhani, ikabeba jina la mahali ilipopandia chombo, kama wengi wetu tulivyoandikwa katika pasi zetu.

Na kwa habari ya Waswidi na Yemen, yafaa wajukuu walijue jina la Peter Forsskål, mwanafunzi wa Linnaeus. Alifika Yemen pamoja na msafara wa mfalme wa Denmark, akakusanya mimea na kuandika majina yake ya Kiarabu kama alivyoyasikia kwa wenyeji, na shubiri ikiwemo. Alikufa kwa homa huko Yarim tarehe 11 Julai 1763, akiwa na umri wa miaka 31. Huyo aliuliza kabla ya kuandika.

Je, dawa ile ilifanya kazi? Ndiyo, na hapo ndipo penye siri ya biashara nzima. Shubiri, sanamaki na rawandi zote tatu zina kemikali za jamii moja, ambazo bakteria wa utumbo mpana huzivunja, nao utumbo husukumwa kwa nguvu. Anywaye jioni hupata majibu asubuhi. Jentiana huamsha mate na maji ya tumboni kwa uchungu wake, na hamu ya kula hurudi. Mgonjwa aliyefunga choo siku nne hakuhitaji kusomewa kitabu; mwili wake ulishuhudia. Na mtu akishaona ushahidi mmoja wa kweli, huyapokea na yale mengine tisa yaliyoandikwa chini yake, ya kwamba dawa hiyo hiyo huponya baridi yabisi, uziwi, vidonda na uzee.

Sasa nifike kwenye ile miaka 104. Katika karne ya 18 ilizunguka Ufaransa nakala ya dawa ya maisha marefu, iliyosemekana kuwa imeokotwa katika makaratasi ya tabibu wa Kiswidi aitwaye Yernest, aliyekufa kwa kuanguka na farasi akiwa na miaka 104, na ambaye wazazi na babu yake nao walivuka mia. Sikio langu husikia katika Yernest jina la Hjärne baada ya kupita vinywani mwa Wafaransa. Katika kitabu cha Treben tabibu amekuwa Daktari Samst. Jina limebadilika, lakini miaka 104 ipo na farasi yupo.

Hjärne wa kweli alifariki tarehe 10 Machi 1724. Toa hesabu: miaka 82 na miezi isiyotimia mitatu. Ukitaka kumhesabia kwa mwaka wetu wa mwandamo utampa 84 na ziada. Hata ukimwongezea ile siku ya ajabu aliyoishi, tarehe 30 Februari 1712, ambayo Waswidi waliiweka katika kalenda yao ili kusahihisha mkorogo wa miaka 12, hufiki 104. Miaka 82 kwa mtu wa karne ile, aliyepita vita na kuzaa watoto 26 kwa wake watatu mmoja baada ya mwingine, ni umri wa kuheshimiwa. Lakini haukutosha kuuza chupa, basi akaongezewa 22.

Mambo haya hayakuwa ya Uswidi pekee. Uingereza ndiko yalikopata jina la dawa za hataza, yaani haki ya kisheria ya kuuza kitu peke yako. Richard Stoughton alipewa hataza mwaka 1712 kwa maji machungu ya tumbo, lakini wauzaji wengi waliomfuata hawakuitaka kamwe, kwa kuwa hataza humlazimu mtu kutaja alichotia ndani. Walichotaka ni siri na jina. Tangu mwaka 1783 serikali ilitoza ushuru kwa stempu iliyobandikwa kwenye dawa hizo, na wanunuzi wakaidhani stempu ile kuwa idhini ya mfalme. Kodi ikageuka kuwa sifa! Nimefanya kazi na mihuri muda mrefu, na naweza kusema kwamba watu hutazama muhuri kabla ya kusoma maandishi.

Kisha vikaja vidonge vya Beecham, vilivyotangazwa kuwa kijaluba kimoja chathamani gini nzima. Mwaka 1909 Chama cha Madaktari cha Uingereza kilichapisha uchunguzi wa dawa za siri, na ndani ya vidonge hivyo wakakuta shubiri, tangawizi na sabuni. Vidonge 56 viliuzwa kwa shilingi moja na peni moja na nusu, ushuru wa stempu ukiwemo, na vitu vilivyomo waliviwekea gharama ya nusu ya robo peni. Nimeigawa mwenyewe: bei ni mara 108 ya gharama. Shubiri iliyouzwa kwa uzani na watu waliokaa juani iliuzwa upya kwa kidonge na mtu aliyenunua nafasi gazetini.

Nisionekane nadharau kila chupa. Eno iliyokuwa juu ya kabati la kila nyumba niliyokulia, iliyoanzishwa na James Crossley Eno wa Newcastle, ni magadi na tindikali ya limau iliyokauka, nayo hutuliza kiungulia kweli. Woodward's Gripe Water, aliyoitoa William Woodward wa Nottingham mwaka 1851, imewalaza watoto wetu wengi. Humo mlikuwa na magadi, mafuta ya mbegu za jamii ya bizari, sukari, na pombe, mpaka pombe ilipoondolewa Uingereza mwaka 1992. Mama zetu, wasiogusa kilevi maishani, waliwatilia watoto vinywani bila kujua, maana hakuna aliyewasomea.

Kwa sababu hiyo nawasomea walioniuliza. Dawa chungu ya Uswidi, kama ilivyoandikwa na Treben, hutengenezwa kwa pombe ya asilimia 38 hadi 40, na shubiri hailoweki yenyewe. Zipo zilizotengenezwa bila pombe, zisomwe karatasi zake. Hukumu ya dini naiacha kwa wenye elimu yake, lakini mwenye kuuliza hukumu hana budi kwanza kujua kilichomo. Mama mjamzito asiinywe, wala mtoto asipewe. Mzee anywaye dawa za moyo au za kupunguza maji mwilini asiiguse kabla ya kumwuliza daktari, kwa kuwa kuharisha kwa siku nyingi humaliza potasiamu mwilini. Mwaka 2002 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliondoa shubiri katika dawa za kuendesha zinazouzwa bila cheti. Na la mwisho: chupa niliyoipata dukani hapa Stockholm imetengenezwa Austria. Aliyeko Dubai anaweza kuiagiza bila kunisumbua.

Limebaki moja, ambalo ndilo lililonikalisha mezani. Binamu yangu mmoja, kijana msomi ninayempenda, aliposikia kwamba shubiri ilipita bahari yetu, alipendekeza tuandike katika shajara ya ukoo kwamba mababu zetu ndio waliowapelekea wafalme wa Uswidi dawa. Atakuwa amefurahi, nami naielewa furaha hiyo. Anaishi katika nchi ambamo huulizwa kila siku ametoka wapi, na jibu kama hilo lingemnyoosha mgongo. Lakini nilicho nacho ni daftari la babu wa babu yangu, aliyetoka Mukalla kwa kaskazi, na humo, katika kurasa za mwaka 1304 wa Hijria, shubiri yatajwa mara mbili, pamoja na papa mkavu na ngozi, bila jina la mnunuzi. Hjärne alikufa mwaka 1136 wa Hijria. Kati yao pana miaka 168. Isitoshe, Ulaya jina la shubiri ya Sokotra liligeuka kuwa jina la daraja la ubora, na iliyotoka Rasi ya Tumaini Jema iliuzwa kwa jina hilo hilo. Jina la bidhaa si hati ya mzigo.

Katika shajara nimeandika hivi: alifanya biashara ya papa, ngozi na shubiri kati ya Mukalla na Unguja, daftari lipo, mwaka 1304. Mjomba mmoja katika shajara hiyo hiyo amepewa umri wa miaka 120, naye nimemwekea alama ya kuuliza pembeni kwa wino wa penseli, ili atakayepata cheti aifute.

Mwenye daftari, barua au ankara ya wazee iliyotaja shubiri, manemane au sanamaki, naomba anipigie picha ya ukurasa mzima pamoja na tarehe na pambizo zake, si ule mstari mmoja tu.